Michembe ya Kabula Yatangazwa Kanisani

Constantine Nyanda alikuwa mtu wa kusoma maelekezo. Kabla ya kumeza kidonge alisoma ile karatasi ya ndani ya boksi mpaka kwenye anwani ya kiwanda. Binti yake alipomletea jiko la gesi, lilikaa wiki tatu sebuleni ndani ya boksi lake, kwa sababu kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina upande mmoja na cha Kiarabu upande wa pili. Mkewe Kabula akaendelea kupikia kuni huku akilitazama. Miaka ishirini na miwili Constantine alikuwa karani wa mzani kwenye kituo cha kununulia pamba, na katika miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyemtilia shaka. Walichomlalamikia ni kwamba foleni yake ilikuwa haisogei.

Sasa alikuwa amestaafu, anakaa Somanda, mjini Bariadi, nyuma ya kijiwe cha bodaboda za hospitali, na kilichoiendesha nyumba ni michembe ya Kabula. Kila mwanamke wa Simiyu anajua kumenya viazi vitamu, kuvikata vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikakamae. Lakini michembe ya Kabula ilikuwa haina mchanga. Siri ilikuwa hiyo tu: kabla ya kuanika juu ya jiwe, aliliosha jiwe. Watu walitoka Binza, kule Maswa, kuja kuinunua.

Miaka kumi Kabula aliuza michembe hiyo wakati wa maonesho ya wakulima kwenye uwanja wa Nyakabindi, ila si ndani ya uwanja. Aliuzia nje ya geti, juu ya gunia, akiangalia mbele wateja na nyuma mgambo. Mwaka huu mama mmoja wa kamati ya maonesho alionja kipande, akaonja cha pili, akasema, "Mama, wewe hukupaswa kukaa nje. Nakuwekea meza ndani. Niletee nakala ya leseni ya biashara, mwisho Ijumaa, tarehe ishirini na sita Julai. Ikipita hapo, meza nampa mwingine."

Kabula alirudi nyumbani anatembea kama aliyevishwa viatu vipya.

"Baba Gloria, kesho niendee hapo ofisini ukaniulizie leseni."

"Mtu haendi ofisini kuuliza," Constantine akajibu. "Anakwenda anajua."

Akamwandikia Gloria, binti yao anayeuza simu Mwanza, amtafutie hatua za kuanzisha biashara ndogo kisheria. Gloria alikuwa na wateja watatu mbele yake. Akaandika maneno hayo kwa Kiingereza kwenye simu, akachukua karatasi ya kwanza iliyojitokeza, akaituma. Constantine akaenda kuichapisha stationari. Mashine ilikata mstari wa juu wenye kichwa cha habari, lakini yaliyobaki yalimfurahisha kuliko barua yoyote aliyowahi kupokea. Zilikuwa hatua tisa, kila moja na namba yake.

Kwa siku tatu alikaa na kamusi, akazihamishia kwenye daftari kwa Kiswahili. Chagua jina. Chagua aina ya kampuni. Teua mtu wa kupokea barua za serikali, mwenye nyumba inayojulikana, si sanduku la posta. Akajiteua mwenyewe, akasaini mbele ya Kabula. Hatua ya sita ndiyo iliyomkwamisha: tangazo la kuanzishwa kwa biashara lichapwe kwenye gazeti linalosomwa katika wilaya, wiki tatu mfululizo.

Alipeleka daftari Dawati la Wafanyabiashara Wadogo, ofisi mpya ya chumba kimoja yenye meza, muhuri na kijana anayeitwa Januarius. Januarius alikuwa na miezi minne kazini, na katika miezi hiyo alikuwa amejifunza jambo moja kubwa, nalo ni kutokubali kuonekana hajui.

"Karibu mzee wangu. Biashara gani?"

"Michembe. Nimefika hatua ya sita."

Januarius hakujua kama kulikuwa na hatua hata ya pili. Akaegemea kiti.

"Ya sita! Hongera. Wengi wanakwama ya tano."

"Hapa wanataka tangazo gazetini wiki tatu. Sasa gazeti la wilaya hatuna."

Januarius akaichukua ile karatasi ya Kiingereza, akaigeuza, akautazama kwa makini upande usioandikwa kitu.

"Huu ni utaratibu wa mwaka huu?"

"Mwaka sijauona. Ila umepangwa vizuri."

"Umepangwa vizuri sana," Januarius akakubali kwa moyo mweupe. "Cha msingi, mzee wangu, watu wasikie. Mara tatu. Ukiniletea uthibitisho wa mara tatu, mimi nagonga muhuri. Na hii karatasi niachie nakala, ya faili."

Constantine alitoka pale akiwaza ni kitu gani hapa Bariadi husikika na watu wote, mara tatu, wiki tatu mfululizo. Hakufika mbali. Kanisani kwao wachumba walitangazwa Jumapili tatu mfululizo kabla ya ndoa.

Katekista Joakim alimsikiliza, kisha akavua miwani.

"Constantine, hapa tunatangaza ndoa, misa za marehemu na mbuzi waliopotea. Biashara hatujawahi."

"Mwalimu, mbuzi si biashara?"

Joakim alifikiri sana juu ya mbuzi. Mwishowe akachukua kalamu.

Jumapili ya tarehe saba alisimama na daftari lake la ndoa, maana jingine hakuwa nalo, na kwa kuwa miaka kumi na tisa alikuwa ametangaza kwa sauti moja, sauti nyingine nayo hakuwa nayo. "Tangazo la kwanza. Kabula Ndaki wa Somanda anatarajia kuanza na biashara ya michembe. Yeyote anayejua kizuizi chochote, atoe taarifa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Kabula akaficha uso kwenye kitenge kama mwari. Mwanamke wa benchi la nyuma akamsogelea sikioni, akamwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, na huyu mchumba mpya ni mkavu kama yule wa kwanza?" Constantine, ambaye kweli alikuwa mwembamba, alijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Jumatatu hiyo Januarius alibandika ukutani Hatua Tisa, zenye muhuri kila moja. Fundi baiskeli aliyekwenda kuhuisha leseni akaambiwa alete uthibitisho wa mara tatu. Mwenye saluni vilevile, na mwenye mashine ya kusaga. Waliokuwa Waprotestanti wakaenda kwa wachungaji wao. Waliokuwa hawaendi popote wakaanza kwenda, na mapadre wakashukuru kuona imani inarudi. Jumapili iliyofuata ibada ilitoka saa saba mchana. Bibi harusi mmoja, Martha, jina lake lilisomwa kati ya mashine ya kusaga na mradi wa nguruwe, na mama yake akataka kujua kwa sauti mwanawe anaolewa na kipi.

Constantine alinunua daftari jipya. Watu walikuwa wanamfuata nyumbani kumuuliza kuhusu hatua ya nne, na yeye akawaeleza ameweka miguu juu ya boksi la jiko. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu foleni ilikuwa mlangoni kwake, na kama kawaida haikusogea.

Jumapili hiyohiyo, tarehe kumi na nne, Joakim alisoma tangazo la pili la Kabula. Alipofika kwenye kizuizi hakutua, kwa sababu hapatuliwi.

"Mimi ninacho," ikasema sauti.

Alikuwa Domitila, mjane wa mtaa wa pili, naye ni muuza michembe wa siku nyingi. Joakim alidondosha kalamu. Miaka kumi na tisa aliuliza swali hilo na hakuwahi kufikiria kwamba lina jibu.

"Marando ya viazi anavyomenya yalitoka shambani kwangu, mwaka ule wa ukame," Domitila akasema. "Nilimpa mizigo miwili kwa mkono wangu. Leo anatangazwa peke yake. Kwetu hakuja mtu, hata kubisha hodi."

Waumini wakapiga makofi. Ilikuwa ibada tamu.

Lakini Jumatatu haikuwa tamu. "Kizuizi!" Januarius akasema, akalifungua faili kwa heshima. "Basi mzee wangu, tunaanza upya. Tarehe ishirini na moja, ishirini na nane, na nne Agosti."

"Tarehe ishirini na sita itakuwa imepita. Mke wangu atakosa meza."

"Utaratibu si umeuleta wewe?"

Kabula alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia lake la zamani, akaanza kulikung'uta vumbi, taratibu, kona kwa kona. "Mgambo wa mwaka huu sijui ni yupi," akasema. "Yule wa mwaka jana nilikuwa nimeshamzoea." Constantine alitamani mkewe angepiga kelele.

Siku iliyofuata walikwenda kwa Domitila, Constantine akiwa na kilo mbili za sukari, kama watu waendao kuposa.

"Mwangaluka, mayu," Kabula akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kaeni. Kumbe njia mnaijua."

Kabla hajakaa, Kabula aliona kitu ukutani, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Kilikuwa ndani ya fremu yenye kioo. Ilikuwa leseni ya biashara, ya vyakula vikavu, yenye jina la Domitila, na bado ilikuwa hai.

"Hii ulipataje?" Constantine akauliza.

"Nilikwenda nikauliza. Kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, cheti cha afya, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nikalipia, wakanipa."

"Na matangazo matatu?"

"Matangazo ya nini? Kwani nilikuwa naolewa?"

Constantine alitoka nje, akampigia Gloria.

"Ile karatasi, mwanangu, kichwa chake kilikuwa kinasemaje?"

Gloria alitafuta. "Hatua za kuanzisha biashara ndogo Nebraska."

"Nebraska iko mkoa gani?"

"Iko Marekani, baba."

Constantine alikuwa anawaza mashine ya kusaga, nguruwe, na yule bibi harusi Martha.

Jumatano ya wiki iliyofuata alikwenda Dawati na barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko uleule aliokuwa akiandikia uzito wa pamba. Alijilaumu yeye peke yake. Alieleza kwamba hatua ya sita ni ya watu wa Nebraska, ambao bila shaka wana magazeti, na akaomba mkewe apewe leseni kwa sheria ya hapa. Haikuwa rahisi kuiandika. Aliwafikiria wale wote waliomwita mtaalamu, halafu akalifikiria lile gunia, akasaini.

Januarius aliisoma yote. Akainuka, akafunga mlango.

"Mzee wangu, walioomba leseni kwa utaratibu huu sasa ni arobaini na moja. Wakubwa wameshaomba nakala ya utaratibu. Wameuita ubunifu." Akaikunja barua vizuri. "Barua nzuri sana hii. Ila haijatangazwa."

"Barua nayo itangazwe?"

"Mara tatu."

Constantine alirudi kwa mguu mpaka nyumbani. Akamkuta Domitila amekaa uani kwake, anamenya viazi pamoja na Kabula, na jiwe limeshaoshwa.

"Nimekataliwa," akasema. Akawaeleza yote: Nebraska, barua, arobaini na moja. Hakuacha hata kipengele kimoja, maana hakuwa na mazoea ya kuacha vipengele. "Kosa ni langu, Mama Gloria. Ningeuliza siku ile ya kwanza, ungekuwa na meza."

Kabula akatupa ganda la kiazi pembeni. "Siku ile ya kwanza ulitaka daftari, si kuuliza," akasema. Kisha akamgeukia Domitila. "Mayu, mweleze."

"Leseni ninayo," Domitila akasema. "Tutaiandika meza kwa jina langu na lake. Ijumaa tunapeleka nakala wote wawili. Lakini nina sharti."

"Ng'ombe sina," Constantine akasema haraka.

"Nani ametaja ng'ombe? Ng'ombe zililetwa kwetu nikiwa na miaka kumi na saba, nikahama na kibuyu changu, basi, nikawa mke. Kanisani sikutangazwa. Kila Jumapili miaka yote hii nasikia majina ya watoto wa watu, la kwangu sijalisikia." Akakata kiazi. "Nitangazwe."

"Lakini dada, nimekwambia, si sheria! Ni ya Nebraska. Nilitaka Jumapili nimwombe Joakim awaeleze watu kwamba—"

"Thubutu!" Domitila akasema, na kisu kilikuwa bado mkononi.

Ijumaa nakala ikafika kwa mama wa kamati kabla ya saa sita, naye akaandika majina mawili kwenye kadi ya meza. Jumapili ya tarehe ishirini na nane wanawake wawili walikaa benchi la mbele, wamevaa kitenge cha sare. Constantine alikaa nyuma yao. Kwenye daftari lake, mbele ya hatua ya sita, alikuwa ameongeza kwa penseli: si lazima. Alikuwa ameyaandika kwa herufi ndogo sana.

Joakim alimaliza ndoa mbili, karakana moja na bata wa kienyeji. Akarekebisha miwani.

"Tangazo la kwanza. Domitila na Kabula, wote wa Somanda, wanatarajia kuuza michembe. Yeyote anayejua kizuizi chochote..."

Akatua. Tangu tarehe kumi na nne alikuwa amejifunza kutua. Kanisa lilikaa kimya, halafu mwanamke wa benchi la nyuma akapiga kigelegele, na wengine wakampokea.

Domitila hakugeuka. Alisubiri mpaka kelele zikatulia, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwinamia Kabula.

"Bado mara mbili," akasema.