Barabara Tupu ya Mjomba

Nafunga mizigo ya safari ya kesho, ya usaili wa kazi, na chumba kinanuka tapentaini ingawa hakuna anayepaka rangi.

Utotoni harufu hiyo ilikuwa ya mjomba, pale Gongoni, akinakili mandhari ya Uholanzi kutoka kalenda kuukuu: mawingu tele, barabara tupu.

"Mjomba, watu wako wapi?"

"Mafundi wa kale walichora mbingu. Watu waliwekwa na wengine."

Asubuhi iliyofuata mtu mdogo alikuwa kwenye barabara ile ya pichani, ametupa kisogo.

"Umejichora, na kibegi chako cha safari ya leo ya Igunga!" mkewe alimtania.

Mjomba akamgusa yule mtu. Rangi mbichi ikabaki kidoleni. "Si mimi."

"Basi usiende, mume wangu," mkewe akasema, hacheki tena.

Alikwenda. Hatukumwona tena.

Picha ile sasa iko ukutani kwangu, nyuma yangu. Bado sijageuka.