Vitambaa vya Lea wa Iringa

Hosteli ya wavulana ya chuo kimoja pale Mbeya ina vyumba vinavyofanana: vitanda vitatu, meza tatu, dirisha linalopitisha baridi hata likifungwa. Lakini ingia ndani, utamjua mwenye kona bila kuuliza jina. Katika chumba hiki Dastan wa Rujewa alibandika skafu ya timu yake ukutani, akatundika taa ndogo za rangi, na akaweka spika iliyowakosesha amani majirani. Sosthenes alikuwa na kalenda ya parokia, rozari kwenye msumari, na picha ya ukoo mzima siku ya kipaimara chake. Ukiitazama ile kona unamwona kabisa mtu atakayekuwa mwenyekiti wa kila kamati maishani mwake.

Iliyoleta wageni ni kona ya tatu, ya Liberatus. Kitanda kilitandikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya bluu, kilichoshuka hadi karibu na sakafu. Meza ilikuwa na kitambaa, mfuniko wa ndoo ulikuwa na kitambaa, na baada ya muda hata spika ya Dastan ilivishwa chake, na Dastan hakulalamika. Watu walikuja kuazima pasi wakasahau walichofuata.

"Nani anakufumia?" Dastan alimuuliza siku za mwanzo.

"Mchumba," Liberatus akajibu. "Anaitwa Lea. Anasomea uuguzi Iringa."

Lea hakuwepo, si Iringa wala kwingineko. Vitambaa alivifuma Liberatus mwenyewe, mchana wenzake wakiwa darasani, mlango umepigwa komeo. Alifundishwa na mama yake huko Mafinga. Vidole vya mama vilipoanza kukakamaa, alimpa mwanawe kazi amalizie, na mwisho akamwachia zote. Sekondari, bweni lilipogundua, likamwita Bibi mpaka alipomaliza shule, na mimi nasema hakuna watu wakatili kama wavulana wa bweni wasio na shughuli. Akaapa kwamba chuoni hatakuwa Bibi tena. Kuacha kufuma, hata hivyo, hakuweza. Bila vile vitambaa, chumba kilikuwa kwake kama stendi ya mabasi. Ndipo akamzua Lea.

Tatizo la Lea ni kwamba alipendwa. Sosthenes alimtumia salamu kila mara.

"Huyo binti ana mikono," alikuwa akisema huku akipapasa ua moja moja. "Na ana subira. Mwanangu Libe, humstahili."

Liberatus alijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda, akaahidi kufikisha salamu.

Siku moja aliitwa ghafla darasani, akatoka mbio na kuacha kazi juu ya mto, sindano ikiwa bado ndani ya uzi. Siku hiyohiyo Mama Atuganile, mlezi wa hosteli, alipita kukagua vyumba. Liberatus aliporudi alimkuta amesimama katikati ya chumba, Dastan na Sosthenes wamejibanza ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Msichana unayemficha humu."

Sosthenes akajitosa kumtetea. "Mama, hizo ni kazi za mchumba wake. Lakini yuko Iringa. Namfahamu vizuri." Anamfahamu vizuri! Kijana wa watu.

"Yuko Iringa," mama akasema akiinua kile kitambaa, "na sindano yake iko Mbeya? Kazi hii imeachwa leo. Liberatus, sheria unaijua. Jioni unakabidhi funguo."

Basi alikuwa na njia mbili. Afungashe begi na kuondoka akiwa mwanaume mwenye mchumba, au aseme kweli na kurudi kuwa Bibi. Aliitazama kona yake. Kilichomuuma hasa ni kwamba kila fundo pale alilifunga yeye, na sasa anafukuzwa kwa kuwa halikudhaniwa kuwa lake.

"Hakuna msichana, mama," akasema. "Nafuma mimi."

Dastan akacheka, akidhani ni utani. Mama Atuganile hakucheka. Akamnyooshea kitambaa.

"Fuma nione."

Liberatus akakaa kitandani. Mwanzoni vidole vilikosea fundo, kisha vikasahau kwamba kuna watu. Petali ya kwanza ikatokea, ikafuata nyingine. Mama Atuganile, ambaye kwake Uyole makochi yote yamevaa kazi za mikono yake, akainama kulinganisha na maua ya kitandani. Uzi ulikuwa umevutwa vilevile, umekazwa kidogo mwishoni.

"Mkono ni mmoja," akasema. "Ndaga, mwanangu, nashukuru kwa kusema kweli. Baki na chumba chako. Na siku nyingine usimsingizie mtoto wa watu."

Akaenda zake. Dastan aliitazama spika yake iliyovishwa kitambaa kana kwamba anaiona leo. Liberatus alikuwa akilisubiri lile jina la bwenini, na aliogopa, sitaficha.

"Kwa hiyo hakuna Lea," Sosthenes akasema.

"Hakuna."

"Muda wote namsifia mtu, kumbe nakusifia wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe unasikiliza tu. Si ungeniambia ninyamaze?"

Liberatus akauzungusha uzi kidoleni, akaufungua tena.

"Sikutaka unyamaze," akasema. "Nilikuwa nafurahi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia maneno hayo."

Sosthenes alisogea pembeni ili mwenzake akae karibu na dirisha, penye mwanga, amalizie ua lake.