Mashine ya Kifua

Nitawasimulia, ila asicheke mtu kabla sijamaliza, maana hii aibu nimeibeba miaka mingi, na mdogo wangu Ambokile mpaka leo akinipigia simu haanzi na shikamoo, anaanza kwa kukohoa.

Wakati huo nilikuwa mwalimu pale Mbeya, mwanamke wa miaka thelathini na ushee (mtoto wa miaka ya sabini, niliyekua nikicheza rede na kombolela, kitu chenye betri nilichokijua ni tochi na redio ya baba), na rafiki yangu aliyekwenda Japani kwa mafunzo ya kilimo akaniletea zawadi, gemu la mkononi, linafunguka kama kitabu kidogo, lina vioo viwili, na kioo cha chini unakigusa kwa kijiti kama kalamu isiyo na wino. Ndani yake kulikuwa na michezo midogo midogo isiyo na kichwa wala miguu. Mpigie mamba mswaki. Mkune paka mgongoni mpaka asinzie. Kata wingu kwa mkasi mvua inyeshe. Kila mmoja ni sekunde chache tu, ukimaliza unakuja mwingine, na mingine haikutaka kijiti, ilitaka pumzi: kulikuwa na kitundu cha kusikia sauti, ukipuliza hapo, mawingu ndani ya kioo yanasogea polepole na mwezi unatokea, mkubwa, wa rangi ya maziwa. Jamani, nilikuwa napuliza mawingu na mwezi unatoka! Niambieni nani angeacha.

Sasa siku ya kupeleka barua ya posa ya Ambokile, huko Ipogolo kwa kina Edina, mchumba wake, nilikuwa nimeshaliacha gemu kitandani, nimefunga mlango, nimepiga hatua kama kumi hivi. Nikarudi. Nikajiambia ni la njiani tu.

Na njiani lilikuwa tamu kweli. Kuanzia Makambako ukungu ulitufunika, basi linakwenda kama linaogelea, miti ya misindano ya Mafinga inatokea na kupotea, vioo vimejaa mvuke mpaka sikujua ukungu upi ni wa nje na upi ni wa pumzi zetu, nami napuliza, mwezi unatoka, napuliza, mwezi unatoka. Pembeni yangu Baba Mdogo Asegelile, ndiye mshenga wetu, amelala, kofia magotini, barua mfuko wa ndani wa koti.

Tulipokelewa vizuri mno. Kamwene, kamwene, karibuni. Baba Mdogo akakaribishwa sebuleni na wazee wa pale, mimi nikapelekwa chumba cha ndani nikae na bibi yake Edina mpaka nitakapohitajika. Bibi alikuwa anasinzia kwenye kiti, amejifunika mgolole. Jua la mchana linapita kwenye pazia jekundu, chumba kizima kimekuwa chekundu kama ndani ya ua, sauti za wazee zinakuja kwa mbali, hazina maneno, na nyuki mmoja anazunguka tu. Nikafungua mkoba. (Mara moja tu, nilijiambia.)

Wingu lililokuja siku hiyo lilikuwa zito, sijawahi kuliona. Nikapuliza. Halisogei. Nikafumba macho nikapuliza kwa tumbo, mabega yanapanda, mashavu yamevimba, na nilipofumbua, Bibi ananitazama, macho yote mawili, na mlangoni amesimama mama yake Edina na sinia la chai.

"Mwanangu," akasema mama, "una nini?"

Hapo, wapendwa, neno lilikuwa moja tu: nacheza. Lakini mwalimu mzima, dada wa mwoaji, ukweni, aseme anacheza? Mdomo ukaenda wenyewe.

"Ni kifua, mama. Hii ni mashine ya kifua. Daktari kanipa."

"Maskini! Kumbe una pumu! Na umesafiri na baridi yote ile!" Akaweka sinia, akakimbilia jikoni kunitwangia tangawizi.

Nikashusha pumzi. Kumbe Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Na mimi kifua kinanibana tangu masika. Nipe nipulize."

Unamnyimaje dawa bibi wa ukweni? Nikamshikia gemu mdomoni, akapuliza, pumzi ndogo ya kizee, na amini usiamini, lile wingu lililonishinda likasogea! Mwezi ukatoka, na gemu likapiga tarumbeta na makofi.

"Linashangilia nini?"

"Ni... mapafu yamefunguka, Bibi."

Akapuliza tena. Na tena. Akasema anajisikia mwepesi, kama msichana anayetoka kisimani. Akaliweka gemu chini ya mgolole, likabaki huko.

Wakati huo mama yake Edina alikuwa amepitia sebuleni, kwa huruma yake, akawaambia wazee waniombee. Nikasikia mazungumzo yamekatika. Halafu sauti ya baba mkubwa wake Edina, safari hii na maneno yake yote:

"Kabla hatujaendelea. Ugonjwa wa kifua uko kwenye ukoo wenu? Maana barua haikusema."

"Kifua?" Baba Mdogo akashangaa. "Kifua gani? Kwetu sisi watu wanapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, wanaimba!"

"Basi binti yenu anapuliza mashine huko ndani. Sisi tunampeleka mtoto wetu kwa watu, lazima tujue."

Nikaitwa. Bibi akaja nyuma yangu, gemu kalikumbatia. Sasa bahati yangu mbaya, huyo baba mkubwa alikuwa mganga mstaafu wa zahanati. Akavaa miwani.

"Nimetibu vifua miaka mingi, mashine hii sijawahi kuiona. Mama, hebu," akamnyooshea Bibi mkono.

Akaifungua. Na gemu, ambalo halijui posa wala wakwe, likamletea mamba. Amevaa kofia, kaachama, anasubiri mswaki. Mzee akaitazama, akaigeuza, akanitazama mimi.

"Huyu naye ana pumu?"

Hakucheka mtu. Baba Mdogo akasema taratibu, "Tusekile. Sema."

Nilijiona kama nimepaa mpaka darini, namwangalia kule chini mwanamke aliyevaa kitenge kizuri, kijiti mkononi, na nikamsikia akisema, "Nilikuwa nacheza, baba. Mgonjwa hakuna. Unapuliza mawingu, mwezi unatoka."

"Mwezi unatoka," akarudia mzee.

"Ndiyo."

"Na mama yangu hapa, amepona nini?"

"Niacheni," akasema Bibi, "kifua ni changu."

Tukaombwa tusubiri nje. Tulikaa uani kwenye jua, mlima umesimama juu yetu, kimya, na Baba Mdogo hakunigombeza, akasema tu, "Mwalimu wa watoto wa watu," akageukia upande mwingine, na hiyo iliniuma kuliko fimbo. Nilimfikiria Ambokile kule Mbeya, amekaa karibu na simu toka asubuhi, amempenda huyu msichana miaka minne. Machozi yakanitoka. Edina akaja na maji ya kunywa, akapiga goti, akanong'ona, "Dada, usilie. Bibi anawagombeza humo ndani."

Tulipoitwa tena, barua ilikuwa mezani, imefunguliwa. Imepokelewa. Ila mimi nilitakiwa kupiga magoti mbele ya kila mzee kuomba radhi, na kumletea Bibi mgolole mpya kwa kumdanganya. Baba mkubwa akamalizia bila hata kutabasamu: "Mtoto wetu mtampata. Tunaomba tu asitibiwe na wifi yake."

Hapo ndipo sebule nzima ilipocheka, na kicheko hicho bado nakisikia.

Tulipoaga, Bibi alinirudishia gemu mwenyewe. Akanivuta sikio karibu. "Mwezi umetoka mara saba," akasema, "ule wa mwisho nimeuangalia tu."

Msidhani niliacha kucheza. Sikuacha. Nilichoapa ni kwamba sitasema tena uongo kuficha kitu kidogo kinachonifurahisha. Siku hizi anikute mkuu wa shule, anikute mchungaji, akiuliza, "Mwalimu, unafanya nini hapo?" namjibu palepale, "Nacheza," kisha ndiyo nasimama kumwamkia.