Mchi wa Mwalimu

Jumamosi iliyopita nilifika nyumbani nikakuta kuku wawili wamelala ndani ya kinu cha bibi. Kinu kimelazwa ubavu nyuma ya jiko, ukingo umepasuka, na mchi hauonekani. Nilisimama pale na mkoba begani, hata hodi sijapiga, moyo ukanijaa. Kwenye simu yangu nilikuwa na ujumbe ambao bibi ameungoja tangu nina miaka kumi, na ujumbe wenyewe ulihusu kinu hichohicho.

Sijui wewe umekulia wapi, lakini kama ni ukingoni mwa Tana, sauti ya mchi kinuni unaijua. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto, Garsen tunaifikia kwa mtumbwi kisha kwa miguu, na enzi zile mpunga wote tulioula ulipita mikononi mwetu. Mimi na bibi tulitwanga kwa kupokezana. Mchi wake ukishuka, wangu unapanda, na pumba zinaruka hadi kwenye nyusi. Akishapepeta, chenga ni za kuku, mchele ni wetu, na mchana tunakula wali na kambale wa nazi huku viganja vinawaka moto. Nililalamika kila siku. Leo ningelipa nauli ya mbali nipate asubuhi moja kama ile.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi, bibi alipata wageni wawili. Wa kwanza alikuwa mtaalamu wa mpunga kutoka Japani, aliyekuja kwetu kula kila Jumamosi akitoka mashambani. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ilikuwa ya udongo, akainama mpaka kofia ikamtoka, akatoa kifurushi kidogo kilichofungwa vizuri kiasi kwamba bibi alikataa kukifungua. Alikula hadi punje ya mwisho. Bibi, akiona sahani tupu, alijua mgeni bado ana njaa, akamwongeza. Naye akamaliza. Akaongezwa tena. Jasho linamtiririka, anatabasamu, anasema, "Tamu sana, mama." Bibi alimtangaza kijiji kizima: huyo ndiye mgeni.

Wa pili alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, msichana wa Kimarekani, ambaye alilala kwetu kwa kuwa shule haikuwa na nyumba za walimu. Bibi alimpa kitanda chake mwenyewe, akahamia mkekani na mimi. Maji ya kuoga yalipashwa moto, nguo zake tulimfulia, na hata kijiko akikiangusha nilitumwa kukiokota kabla hajainama. Siku moja tukitwanga alikuja akaushika mchi wangu, akaomba ajaribu. Bibi akamnyang'anya kwa upole, akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mgeni wangu hatwangi," alisema. "Watu watasema nini?" Toka siku hiyo mwalimu aliketi kwenye kigoda na kitabu chake asichokisoma, akitutazama, mguu wake ukigonga chini kufuata mapigo yetu.

Mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa, yale ya kwenye kibuyu yenye harufu ya moshi, ndiye peke yake aliyesema kitu. Alisimama uani, akamtazama mwalimu, akatikisa kichwa. "Mama, hii msichana nyinyi nafunga kama ndama," alimwambia bibi. "Fungua yeye." Bibi alipokea maziwa yake akaingia nayo jikoni.

Muhula ulipokwisha, mwalimu aliomba kuhamia chumba cha kupanga Garsen. Tulimsindikiza hadi mtoni. Alipokwisha kuketi kwenye mtumbwi alifunika uso kwa viganja akalia, na bibi akabaki ukingoni na kuku aliyemfungia kama zawadi, amemkumbatia kifuani. Jioni hiyo hatukutwanga. "Nilimkosea nini?" aliniuliza. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na mwingine, na kila alipoona mzungu akipita barabara ya Malindi. Mtu aliyelea watoto saba na kuzika mume aliinamishwa kichwa na jambo hilo moja.

Nikakua, nikaajiriwa kwenye kilimo, na kazi ikanipeleka Japani kujifunza mpunga. Kule nilikaa kwa familia moja ya wakulima, na nakuambia kweli, nilijiona niko kwa bibi. Nikikohoa, maji yapo mezani. Nikinyanyua sahani niioshe, mama mwenye nyumba anaipokea kwa mikono miwili na kuondoka nayo. Siku moja nilisema machungwa yao ni matamu. Kesho yake kulikuwa na sanduku zima mlangoni kwangu, nikajifunza kusifu kwa hesabu. Niliwahadithia habari za mtaalamu wetu na zile sahani tatu. Mama yule aliziba mdomo akacheka mpaka machozi. Alisema hakuna namna mtu wao angebakisha chakula cha mwenyeji wake, hata apasuke. Maskini wa Mungu! Mgeni bora wa bibi alikuwa akiteseka kila Jumamosi, na sisi tunamwongeza.

Mwaka uliofuata nikaenda Marekani, kwa mama mmoja mstaafu na mumewe. Walinikumbatia uwanja wa ndege kama ndugu aliyepotea. Wakanipa ufunguo wa nyumba, wakanionyesha friji, wakaniambia nichukue nitakacho, kisha kila mtu akaenda zake. Basi nikakaa chumbani nikingoja kuitwa kula. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, tumbo linanguruma, nami siwezi kufungua friji ya watu kama mwizi. Niliamini hawanitaki. Siku ya pili mama yule akabisha mlango na kuniuliza kwa adabu kubwa kama nimefunga!

Siku ya nne alinikuta nimesimama kando ya jiko. Alinisukumia ubao, kisu na rundo la vitunguu, akaendelea na nyanya zake. Nikakata. Tukakata pamoja, bega kwa bega, akinihadithia habari za magoti yake, na ghafla nikaanza kulia. Alidhani ni vitunguu. Mimi nilikuwa namwona msichana kwenye kigoda, mguu wake ukigonga chini. Kumbe kwao mlango wa nyumba unafunguliwa hivi, kwa kupewa kazi. Na sisi tuliomheshimu kuliko wote tulikuwa tumemfungia nje muhula mzima.

Usinielewe vibaya, sisemi nani mstaarabu kuliko nani. Kwa Wajapani nilinenepa na nikaheshimika, kwa Wamarekani nilikufa njaa siku tatu kisha nikawa mtoto wa nyumba. Wote walinipenda. Lakini sikutaka kumpelekea bibi dhana yangu tu. Nilimtafuta mwalimu wetu mkuu wa zamani, akanipa anwani ya yule mwalimu wa Kimarekani, nikamwandikia. Ilichukua wiki mbili. Jibu lilikuja kwa kile Kiswahili chake cha darasani: "Mwambie bibi hakunikosea kitu. Niliwapenda sana. Nilichoka kutazama tu. Nilitaka kutwanga na ninyi. Je, naweza kuja?"

Ndio ujumbe niliomsomea bibi Jumamosi ile, yeye ameketi mkekani, sikio lake zima limeelekea kwangu. Alinifanya nirudie mara tatu. Kisha akashika kichwa, akacheka, na machozi yakamshuka palepale katikati ya kicheko. "Mchi?" alisema. "Miaka yote hii, mchi?"

Mambo mengi ya siku zile hayapo. Mpunga sasa unapelekwa mashineni, na nyumba nyingi zinanunua mchele wa mifuko Garsen. Asubuhi za kijiji chetu zimekuwa kimya, isipokuwa redio na pikipiki. Mama wa maziwa alihama na ng'ombe wake mwaka wa ukame, na sijui kama yu hai. Ningependa sana kumwambia kwamba alituona vizuri kuliko tulivyojiona.

Nikamwambia bibi kinu kimepasuka na mchi haupo tena, kwa hiyo mwalimu akija tutamkaribisha tu kwa chai, ataelewa. Bibi hakunisikiliza. Alijikongoja hadi nyuma ya jiko, akawafukuza wale kuku kwa fimbo yake, akaupapasa ule ufa kwa kidole.

"Huu unazibika," alisema. "Mpigie fundi, achonge mchi mpya. Na umwambie auchonge mwepesi, mikono ya mwalimu ni laini."