Pua ya Mama Povu

Saa kumi na mbili jioni, wageni kumi na wanane wamekaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na glasi nne ndogo za bia mbele yake. Mama Povu anainua ya kwanza, anaifikisha puani, anafumba macho.

"Hii ni ya msimu wa mvua. Ganda la chungwa hilo, na asali kwa mbali. Ng'ateni jibini kwanza, ndipo mnywe."

Wageni wananusa, wanatikisa vichwa kwa raha. Mama Povu mwenyewe hasikii harufu yoyote.

Miaka kumi na tisa amepika bia katika kiwanda hiki kidogo, na sifa zake zote zimetokana na pua. Mwaka jana mafua makali yalimlaza wiki mbili. Alipoinuka, harufu zote zilikuwa zimekwenda, na ladha nazo.

"Nikanusa kitunguu, wapi! Nikanusa mafuta ya taa, wapi! Nilikaa chini nikalia kama mtoto."

Alimwambia wifi yake tu, mpishi wa vyakula vya jioni hizi. Tangu hapo wifi ndiye aliyeonja kila pipa mchana na kumnong'oneza. Mama Povu alikariri, kisha akawasimulia wageni bila kupepesa macho.

"Nilimwambia, wifi, ipo siku tutaumbuka," anasema mpishi huyo. "Akanijibu, 'Wewe onja, maneno niachie mimi.'"

Mwezi uliopita waliumbuka kweli. Pipa la bia nyeusi liliisha watu wakiwa mezani, mhudumu akafungua jingine ambalo wifi hakulionja. Lilikuwa limechacha. Mama Povu akapiga funda zima, akatabasamu, akasifia ladha ya kahawa na chokoleti. Mgeni mmoja akatema kwenye kitambaa.

Mwenye kiwanda alipoijua siri yao, hakumfukuza. Kuanzia wiki ijayo, wifi ataongoza meza na Mama Povu ataosha mapipa. Jioni ya leo ni ya kuaga.

"Sina kinyongo na wifi," anasema Mama Povu. "Muongo mimi. Kimenikaba hapa."

Daktari amemwambia pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Ikirudi, anasema, ataingia ofisini kwa mwenye kiwanda na aproni yake mbichi kwa maji ya mapipa, adai meza yake.

Wageni wameondoka, wakimsifu. Anakusanya glasi zao sabini na mbili, na kabla ya kuitumbukiza kila moja kwenye maji, ananusa masalio yake.

Wifi anamwita wakale.

"Subiri," anasema Mama Povu. "Zimebaki mbili."