Shangazi Aliyetaka Kuketi Sebuleni

Katika familia yetu kuna sifa moja ambayo ukishapewa, umekwisha: "Wewe mkono wako mtamu." Shangazi yangu alipewa akiwa na miaka kumi na minne, siku Bibi alipougua ghafla na yeye akawapikia wageni wali. Sasa ana hamsini na sita na bado hajatoka jikoni.

Nayasema haya kwa hasira, na asije mtu kunituliza. Tangu utotoni wananiita Pilipili, basi waniache niwashe.

Shangazi ni mpiga pasi katika duka la dobi. Husimama tangu asubuhi hadi saa kumi akinyoosha mashati ya watu ambao hata jina lake hawalijui, kisha hurudi nyumbani kwa Bibi, wanakoishi wao wawili tu. Hapo hupika, hufua, humsugua mama yake mgongo. Kwa hayo hajawahi kulalamika. Kinachonichoma mimi ni siku za sherehe. Kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, huja na mama yangu, huja na ndugu na majirani, wakajaza sebule, wakanyoosha miguu, wakaulizana habari za kazi na watoto, na yeye yuko jikoni mvuke umemjaa usoni. Wakishashiba humsifu. Tena humsifu kwa sauti kubwa, ili asikie huko huko aliko! Punda afe, mzigo ufike.

Bibi alipotimiza miaka sabini, lilitokea jambo ambalo Shangazi hajalisahau. Bibi si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo, alipowaona watoto wake wote wamekusanyika, alisimulia jinsi kila mmoja wao alivyozaliwa. Alipofika kwa Shangazi, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi mwenyewe alikuwa anageuza wali. Alichosikia ni kicheko. Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa chuoni.

Baadaye aliuliza. Baba akamwambia, "Kulikuwa na mkunga, halafu ndoo... ah, imenitoka, dada, lakini ilichekesha mno." Mama yangu akasema hapakuwa na ndoo yoyote, ilikuwa ngazi. Shangazi akamwendea Bibi mwenyewe, na Bibi akamjibu bila kuacha kuchambua mchicha: "Ulizaliwa, ukalia, nikakunyonyesha. Hayo mengine ni ya siku mko wote."

Miaka kumi mtu anangoja hadithi ya kuzaliwa kwake, hadithi ambayo sebule nzima imeisikia isipokuwa yeye!

Sasa Bibi alikuwa anafikisha themanini. Wiki mbili kabla ya siku hiyo Shangazi alinipigia simu.

"Pilipili, safari hii nataka kuketi. Karibu na mama, mwanzo hadi mwisho. Sauti yake imeisha, mwanangu, ukiwa hatua tano humsikii."

"Basi usipike."

"Nisipofanya chochote watanuna. Nitatengeneza kitu kisichotaka jiko. Kinalala kwenye friji, siku yenyewe ni kufungua mlango na kukitoa."

Kitu chenyewe kilikuwa matunda ya kuchovya kwenye chokoleti. Alikuwa ameelekezwa na mwenzake wa kazini. Baba alipoambiwa, "Leteni chakula nyinyi, mimi nitaleta matunda," alicheka kwenye simu hadi akakohoa. "Dada! Siku ya mama watu wazima waje kula ndizi?" Shangazi hakubishana naye. Alirudia tu maneno yale yale, mara tatu, kama anavyorudia pasi kwenye kola, mpaka Baba akanyooka.

Nilikwenda Jumamosi mchana kumsaidia, kama ule ulikuwa msaada kweli. Alikuwa na ndizi mbivu zisizolegea, nanasi moja na machenza. Ndizi tukazikata vipande vya urefu wa kidole gumba, tukazichoma vijiti vya meno na kuziweka kwenye friji zipoe. Machenza tukayaachanisha. Chokoleti akaikatakata kwa kisu, akaitia kwenye bakuli la bati, bakuli akaliweka juu ya sufuria yenye maji ya moto kutoka kwenye birika. Jiko halikuwashwa. Alikuwa anakoroga polepole, akaongeza kijiko kimoja cha mafuta yasiyo na harufu ili iteleze, nayo ikawa laini, inang'aa, harufu yake imejaa hadi ukumbini.

Ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nikachukua kipande cha nanasi kinachochuruzika maji nikakitumbukiza. Nikachukua cha pili. Cha tatu. Kufumba na kufumbua chokoleti ikashikana, ikawa madonge makavu, tope tupu.

"Umeinywesha maji," Shangazi akasema.

"Matone mawili tu!"

"Mwanangu, mimi nimepiga pasi hariri miaka ishirini. Tone moja likidondoka, blauzi ya mtu imekwisha. Na hii ni hivyo hivyo. Kwanza kausha, halafu chovya."

Hakunigombeza. Yale madonge akayatia kwenye maziwa ya moto, tukayanywa. Akavunja chokoleti nyingine, akanipa kitambaa safi, nikakausha vipande vyangu vya nanasi. Kipande kwa kipande nilikuwa nafuta, yeye anachovya, anakung'uta ziada ukingoni mwa bakuli, anakinyunyizia karanga zilizotwangwa na kukilaza kwenye sinia tuliyoitandikia nailoni. Alikuwa anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba jikoni. Saa kumi na moja sinia tatu zilikuwa ndani ya friji, jikoni kumepigwa deki, na yeye anajipima gauni la bluu mbele ya kioo cha Bibi.

Jumapili saa saba Baba, Mama na wageni wengine walifika. Kabla hata hajaketi, Mama akaweka sufuria kubwa mezani jikoni, akafunua kifuniko.

"Wifi, nyama bado ngumu kidogo. Utaimalizia tu, wewe ndiye unayejua. Na mchuzi uuonje chumvi."

"Nusu saa tu, dada," Baba akadakia. "Mkono wako mtamu."

Niliona Shangazi anatazama gauni lake, kisha anatazama aproni iliyotundikwa ukutani.

"Nyama imetoka kwenu ikiwa mbichi kwa makusudi!" nikasema. "Mna majiko mawili nyumbani, la gesi na la umeme. Mnaona haya au hamuoni? Mtu mmoja ameomba kuketi, kuketi tu, na mmemletea sufuria!"

"We mtoto, punguza sauti," Baba akasema.

"Mtoto ana miaka thelathini na moja. Nyama ngumu tutaitafuna. Mwenye meno mabovu anywe mchuzi."

Mama alinuna, Baba akatazama dirishani, lakini Shangazi nikamshika mkono nikampeleka sebuleni na kumketisha kando ya Bibi, bega kwa bega. Nikasimama nyuma ya kiti chake kama askari wa benki. Mtu akiuliza chumvi, namjibu mimi. Mtu akiuliza maji, namletea mimi. Kila mmoja akifungua mdomo kusema "dada" au "wifi", namkata kwa jicho. Nyama ilitafunwa kwa shida, nami nikafurahi kusikia taya zinavyofanya kazi.

Kisha nikaleta sinia. Baba aliyecheka habari ya ndizi na wenzake wote wakaanza kupigana vikumbo. Chokoleti ilikuwa inapasuka kwa meno, tak, na ndani tunda baridi. Baba alikula vipande tisa, nilivihesabu. Bibi alikula ndizi tatu bila kupumzika, akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema kwa kile kisauti chake, "Sasa ningepata chai."

Vichwa vyote viligeukia kwa Shangazi. Naye, masikini, alikuwa amekwisha kushika mkono wa kiti ili ainuke.

"Kaa!" nikasema. "Chai naipika mimi."

Nikapita katikati yao huku nimeinua kidevu, nikimtazama mmoja mmoja, waone mtu mwenye utu alivyo. Jikoni nikachemsha maji, nikatia majani, nikatia tangawizi, nikapanga vikombe. Ikabaki kuchuja. Nikafungua droo ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nikapekua kabatini, juu na chini.

"Shangazi!" nikapaza sauti. "Chujio liko wapi?"

Kisha nikasikia sauti yake, tulivu kabisa.

"Sijui."

Nilidhani hakunielewa. "Chujio la chai, Shangazi!"

"Nimekusikia, mwanangu. Sijui."

Jikoni ni kwake. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amechuja chai ya Bibi. Nami nimekunywa chai katika nyumba ile maisha yangu yote, na sikujua chujio linakaa wapi. Hasira ilinipanda, na naona aibu kusema ilikuwa hasira juu ya nani. Haikuwa juu ya Baba wala Mama. Nilimkasirikia yeye. Mimi niliyempigania mbele ya watu! Kuinuka mara moja akaninyooshea kidole kungempunguzia nini?

Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa changu kiko ndani ya kabati la chini, nilipomsikia Bibi akizungumza. Sauti ilikuwa nyembamba, hata neno moja sikulishika. Nikanyamaza, nikazuia hata pumzi, lakini chai ilikuwa inachemka nyuma yangu. Halafu kicheko kikalipuka sebuleni, na juu ya vicheko vyote cha Shangazi, cha juu, cha msichana, kikaendelea hata wengine walipokwisha kunyamaza.

Chujio nililikuta limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nilipoingia na chai, Shangazi alikuwa ameegemeza kichwa begani kwa mama yake, anafuta machozi kwa kiganja. Nikauliza Bibi amesema nini, ilikuwa ndoo au ngazi.

"Ah," Baba akasema, akinyoosha mkono kupokea kikombe, "ungekuwepo."