Kipimo cha asidi kimeoshwa kwa kumbi la nazi

Jamani, nani aliwaambia kipimo cha asidi ya maji huoshwa kama sufuria?

Mimi, fundi mkuu wa bwawa la samaki hapa Mambrui (mwingine ni nani?), hukisafisha kwa brashi laini tu.

Leo namkuta Mama Kadzo, mwenye bwawa, amekisugua kwa kumbi na majivu. Kinang'aa!

Nikakitia bwawani: saba.
Kwenye ndimu: saba.
Kwenye sabuni: saba!

"Mama, umekiua."

"Si waniambia saba ndiyo maji mazuri? Sasa hakikusumbui tena, mwanangu."

Na vifaranga vya samaki vimeshafika, vimo kwenye mifuko ya plastiki, vyangoja kutiwa bwawani. Maji yakiwa mabaya, vyote vitakufa.

Mwenye kipimo Gede au Malindi aniazime, mbio! Nimesimama mbele ya mifuko, na Mama ameshashika makasi ya kuikatia.